Wati 10,000 Kwenye Boksi, Wati 60 Mgongoni

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, duka la vifaa vya muziki hutambulika kabla mtu hajasoma kibao chake. Sabufa zimepangwa kuanzia mlangoni, taa za bluu na nyekundu zinazunguka kwenye midomo ya spika, na muuzaji amefungulia besi mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Ndivyo ilivyo pia Luthuli Avenue, Nairobi, barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa soko la redio, televisheni na vipuri vyake. Mteja akisimama tu, anapokewa: "Karibu bosi, hii ni wati elfu kumi. Ukiiwasha, mtaa mzima watajua umenunua." Na kweli, ubavuni mwa boksi pameandikwa 10,000W kwa tarakimu kubwa za kung'aa. Pembeni yake, kwa maandishi yanayosomeka kwa shida, zipo herufi nne: PMPO.

Mteja huyo akiugeuza mtambo na kuangalia mgongoni, pale waya wa umeme unapoingilia, mara nyingi atakuta kibandiko kidogo ambacho hakuna muuzaji anayekitaja. Kimeandikwa AC 220-240V, 50Hz, kisha 60W. Hizo wati 60 ndizo umeme ambao sabufa inavuta ukutani. Hakuna mtambo unaotoa nguvu nyingi kuliko inayoingia, na amplifaya za aina iliyozoeleka kwenye sabufa za bei nafuu hupoteza karibu nusu ya umeme wake kama joto. Kinachobaki kufika kwenye spika zote kwa pamoja ni wati 30 hivi, pengine 35.

Hesabu hii haihitaji fundi. Soketi ya pini tatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda imetengenezwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 2,990 tu. Sabufa ya wati 10,000 za kweli ingevuta zaidi ya ampea 43, yaani mara tatu na zaidi ya uwezo wa soketi nzima, na nyaya za nyumba zingechemka ukutani. Pasi ya umeme peke yake huvuta wati 1,000 na kitu, na kila anayelipia umeme wa LUKU anajua inavyokula yuniti. Sabufa inayopiga kutwa bila kuzimaliza yuniti imeshatoa ushahidi dhidi ya boksi lake.

PMPO basi ni nini? Inadaiwa kuwa ni nguvu ya juu kabisa ambayo mtambo unaweza kuitoa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ikijumlishwa kwa spika zote. Tatizo ni kwamba hakuna kiwango kinachokubalika kinachoeleza namna ya kuipima. Kila kiwanda hujiandikia. Kipimo chenye maana ni RMS, nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo muziki ukiwa unaendelea. Ndani ya sabufa nyingi za bei ya chini, kazi yote inafanywa na IC ndogo zenye miguu mitano, na mojawapo maarufu ni TDA2030A, ambayo katika hali nzuri hutoa takriban wati 18 kwa kila moja. Ziwe tatu, na transfoma iwe na nguvu ya kuzilisha zote, mtu hafikii hata wati 60.

Linaloumiza zaidi ni kwamba wati hizo nyingi hazihitajiki. Spika ya nyumbani ya kawaida, ikipewa wati moja tu, hutoa sauti ya desibeli 85 hadi 90 kwa msikilizaji aliyekaa umbali wa mita moja. Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, wati zinapaswa kuongezwa mara kumi. Kwa hiyo familia inayosikiliza taarabu sebuleni jioni inatumia wati chache mno, na ubora wa sauti inayoipata unategemea sumaku ya spika, karatasi yake, na boksi ilimofungwa. Kwenye mitambo ya bei rahisi, hivyo ndivyo vinavyopunguzwa: sumaku ndogo, koili nyembamba, boksi la chipubodi linaloachia maungio baada ya msimu mmoja wa masika. Wapo hata watengenezaji wanaobandika twita za plastiki zisizo na waya wowote nyuma yake, urembo mtupu wa kuonekana kwenye picha.

Wamarekani waliwahi kudanganywa hivihivi. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, matangazo ya amplifaya nchini mwao yalijaa namba za kubuni, kila kampuni ikijipimia kwa namna inayoipendeza. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilitoa kanuni maalumu: anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani lazima aeleze nguvu ya mfululizo na hali aliyoipimia. Kanuni hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2024 ili kubana mianya iliyobaki. Hata hivyo sheria haikuwaondoa matapeli wote. Kuanzia miaka ya 1980, huko Marekani na baadaye Ulaya, walizuka watu wanaouza spika kutoka kwenye magari ya mizigo, wakidai ni mzigo uliozidi ghalani na unauzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi ya walionunua, walipofungua maboksi, walikuta vipande vya saruji vilivyogandishwa ndani ili spika iwe nzito mkononi.

Namba ya uongo hupoteza fedha. Ndani ya boksi kuna upungufu mwingine, na huo unahatarisha maisha.

Fundi redio akishafungua skrubu za bati la nyuma la sabufa ya bei nafuu, kitu cha kwanza anachotazama ni njia ya umeme kutoka ukutani. Waya mwembamba wenye nyuzi mbili unapita kwenye tundu lililotobolewa kwenye bati, bila mpira wa kuukinga na ncha kali. Ili usichomoke ukivutwa, umefungwa fundo tu. Kutoka hapo unaenda moja kwa moja kwenye swichi, kisha kwenye transfoma, na hakuna fyuzi katikati. Nyaya zimeunganishwa kwa lehemu na kuachwa wazi, au zimefunikwa kwa tone la gundi ya kuyeyusha ambalo limeshaanza kubanduka kwa joto.

Mtambo wa muziki una shida ambayo pasi au jokofu havina kwa kiasi hicho: unatikisika kwa makusudi. Kila besi inapogonga, boksi lote linatetemeka, na waya ule ulioegemea ncha ya bati unasuguliwa maelfu ya mara kwa usiku mmoja. Plastiki ikishachubuka, waya wa moto unagusa bati. Kwa kuwa nyuzi ni mbili tu na hakuna ethi, umeme hauna pa kukimbilia, hivyo sakiti breka haikati. Bati linabaki na volti 230 likimsubiri mtu wa kwanza atakayelishika huku amesimama sakafuni bila viatu. Mara nyingi huyo ni mtoto anayechomeka flashi.

Viwango vya kimataifa vilishalifikiria hili zamani. Kifaa kisicho na ethi kinatakiwa kiwe na kinga mbili za umeme, na alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo huchapishwa hata kwenye mitambo ambayo ndani yake hakuna kinga hata moja iliyokamilika, kwa sababu kuchapisha hakugharimu kitu. Alama ya CE nayo inahitaji tahadhari. Kwa bidhaa nyingi za aina hii, mtengenezaji hujitangazia mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya Ulaya, kwa hiyo kuiona kwenye boksi hakumaanishi kwamba kuna maabara iliyoupima mtambo huo.

Transfoma nazo zina siri yake. Iliyotengenezwa vizuri ina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa njano, inayokata umeme pale koili inapopata moto kupita kiasi. Kuiacha kunaokoa senti chache kwa kila mtambo. Transfoma isiyo nayo, ikizidiwa kwenye shughuli ya mtaani iliyoanza saa mbili usiku na kuendelea mpaka alfajiri, huchemka, utepe unaungua, kisha inafuata harufu ambayo mafundi wote wanaijua.

Mitambo mipya yenye uzito mdogo haina transfoma kubwa. Inatumia bodi ya pawa kama ya chaja ya simu. Hapo hatari inajificha zaidi. Upande wa umeme wa ukutani na upande wa muziki zinapaswa kutenganishwa kwa nafasi ya milimita kadhaa kwenye bodi, na kapasita inayoziunganisha pande hizo mbili lazima iwe ya usalama, yenye alama ya Y1 au Y2 juu yake. Akiwekewa kapasita ya kawaida, mwenye mtambo hataona tofauti yoyote kwa miezi. Siku itakayopiga shoti, umeme wa ukutani utapita kwenye waya wa sauti mpaka kwenye simu iliyochomekwa, na simu hiyo iko mkononi mwa mtu. Mwaka 2016 taasisi ya upimaji ya UL ya Marekani ilizipima chaja 400 za bandia zilizoiga za Apple, ambazo bodi zake zinafanya kazi kwa utaratibu huohuo. Zilizofaulu zilikuwa 3.

Baada ya bodi, kuna plagi. Sabufa nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, ilhali soketi zetu ni za pini tatu bapa. Kila nyumba inajua kinachofuata: mtu anachukua kalamu au kijiti, anakichomeka tundu la juu ili vifuniko vya chini vifunguke, kisha anashindilia pini mbili kwa nguvu. Vifuniko hivyo viliwekwa ili mtoto asiingize msumari kwenye umeme. Pini za mviringo ni nyembamba kuliko nafasi zilizotengenezwa kwa pini bapa, kwa hiyo hazikamati sawasawa. Zinacheza, zinatoa cheche, soketi inabadilika rangi kuwa kahawia. Na fyuzi imekosekana.

Kukosekana huko ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Plagi ya pini tatu, ambayo Waingereza waliipitisha mwaka 1947 kwa kiwango kinachoitwa BS 1363, ina fyuzi ndani yake kwa sababu maalumu. Sakiti breka ya soketi za nyumba huwa ya ampea 20 au 32. Kazi yake ni kulinda nyaya za ukutani. Waya mwembamba wa sabufa unaweza kuyeyuka na kushika moto kabla breka hiyo haijahisi chochote. Fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi ingekata mapema. Lakini madukani zimejaa plagi za pini tatu ambazo mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha bati, au ambazo pini ya ethi ni ya plastiki.

Nyaya zenyewe zinahitaji kuangaliwa. Waya unaong'aa wekundu wa shaba unaweza kuwa alumini iliyopakwa shaba juu, au hata chuma. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba, hivyo kwa unene uleule hupata moto zaidi, na hukatika haraka ukikunjwa mara kwa mara. Wembe unatosha kuufichua: ukikwangua unyuzi mmoja na ndani ukatoka mweupe, hiyo si shaba. Ukivutwa na sumaku, ni chuma. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina nyaya hizo, kisha zinawekwa chini ya zulia na kubebeshwa televisheni, king'amuzi, sabufa na jokofu.

Spika ndogo za bluetooth zimeongeza hatari nyingine, betri ya lithiamu. Seli inayotumika sana ni ile ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa ukubwa huo, seli nzuri zilizozoeleka sokoni hubeba takriban mAh 3,500. Hata hivyo zinauzwa zilizoandikwa mAh 9,900, uongo uleule wa PMPO uliohamia kwenye betri. Nyingine ni seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato kuukuu na kuvishwa ganda jipya. Zikifungwa bila bodi ya kuzuia chaji kuzidi, zinavimba, na kinachofuata ni moto ambao maji kidogo hayauzimi.

Haki itendeke: bei kubwa pekee si kinga. Mwezi Juni 2015, Apple iliziondoa sokoni spika za Beats Pill XL kwa sababu betri zake zilikuwa zikipata moto. Zilikuwa zimeuzwa takriban 222,000 Marekani na 11,000 Canada. Tofauti ilionekana baada ya kasoro kugundulika. Tangazo lilitolewa hadharani, wanunuzi waliambiwa waache kuzitumia mara moja, na kila aliyeirudisha alilipwa dola 325. Aliyenunua sabufa isiyojulikana kiwanda wala mwagizaji hana wa kumpigia simu. Ikiungua, habari inaishia kwenye taarifa ya "hitilafu ya umeme", bila jina la bidhaa, na mzigo uleule unaendelea kuuzwa.

Wengi hukimbilia mitumba, hasa Unguja, ambako vifaa vilivyotumika kutoka Dubai na Ulaya vina soko kubwa, au hutegemea ndugu aliye ughaibuni. Amplifaya ya zamani ya Kijapani iliyotunzwa inaweza kushinda sabufa tatu mpya kwa sauti na kwa usalama. Ila volti zitazamwe kwanza. Japani inatumia volti 100 na Marekani 120. Mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya huko ukichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 unaungua mara moja, na wakati mwingine unalipuka kapasita usoni mwa aliyeuwasha. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha.

Taasisi za kusimamia haya zipo. Kenya ilianzisha ukaguzi wa bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, PVoC, mwaka 2005, na Tanzania ikafuata mwaka 2012 chini ya Shirika la Viwango, TBS. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa upande wa Tanzania Bara, na mamlaka iliyotokana na sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia kwa upande wa Kenya. Kenya pia ina kibandiko cha shirika lake la viwango, KEBS, cha bidhaa za nje, ambacho namba yake inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Ni kazi ya maana, na kila kontena la plagi zisizo na fyuzi linalozuiwa bandarini ni nyumba kadhaa zilizookolewa. Lakini mzigo unaopitia mipaka mingi na njia za panya haumalizwi na ukaguzi wa bandarini peke yake.

Kwa hiyo anayekwenda kununua asione haya kuchukua muda dukani. Asome kibandiko cha mgongoni na kulisahau boksi. Aombe wimbo wa sauti ya mwimbaji na gitaa badala ya ule wa besi tupu wa kuonyeshea mtambo, asikilize kama maneno yanasikika, kisha aongeze sauti mpaka juu. Ikianza kukwaruza katikati ya safari, uwezo umeishia hapo, na kuulazimisha zaidi huko nyumbani ndiko kunakochoma twita. Ashike waya: ukiwa mwembamba kama wa chaja, auache mtambo. Auinue pia, ingawa uzito peke yake hautoshi. Adai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na waranti iliyoandikwa. Akifika nyumbani, amwite fundi aufungue mtambo, aweke fyuzi, mpira kwenye tundu la waya, na plagi nzuri ya pini tatu. Awahi kufanya hivyo kabla ya sherehe ya kwanza, na amuulize muuzaji mapema kama kufungua kutavunja waranti.

Bluetooth ikianza kukatika au rimoti ikigoma, hayo ni maudhi. Bati la nyuma likikuna kidole kama linatekenya, harufu ya kuungua ikisikika, au soketi ikiwa ya moto ukiigusa, umeme uzimwe kwenye meni swichi na mtambo usiwashwe tena mpaka ukaguliwe. Moto ukishatokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114, na maji yasimwagwe kwenye kifaa ambacho bado kimechomekwa.

TBS, KEBS, UNBS ya Uganda na wenzao wa ukanda huu wana jambo moja wanaloweza kulifanya bila kujenga maabara mpya hata moja: kukataa PMPO kwenye boksi lolote linaloingia sokoni, na kudai wati za mfululizo ziandikwe mbele, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa kama zile za uongo. Marekani ilidai ukweli wa namna hiyo tangu mwaka 1974. Mama anayeweka akiba ya vikoba ili watoto wapate muziki nyumbani anastahili kuambiwa ukweli huohuo kabla hajalipa.